Udongo wa Wageni na Divai ya Ruanda

Kuna wiki moja, vijana wangu, divai zote duniani zilitoka Tunduma. Ya Dodoma ilitoka Tunduma. Ya Afrika Kusini ilitoka Tunduma. Kulikuwa na chupa moja ya Kifaransa, mdomo wake umezibwa kwa nta kama barua ya mfalme, nayo mashine ikasema hapana, huyu ni mtu wa hapahapa nyuma ya stendi. Daktari Halima, mkuu wa maabara yetu, mtoto wa Tanga ambaye sijawahi kumsikia akipandisha sauti, aliitazama ile mashine kama mke anayemtazama mume aliyerudi na shati la mtu mwingine. Tukapima tena. Tunduma. Tukaosha vyombo vyote, tukapima tena. Tunduma.

Ijumaa ndipo tulipogundua kwamba dirisha la chumba cha kuandalia sampuli halifungi. Na nje ya dirisha lile kulikuwa na foleni ya malori ya kwenda Zambia, ambayo mimi naamini ilianza kabla ya Uhuru na itamalizwa na malaika. Kila lori likisogea kidogo, vumbi linainuka, linapita dirishani, linatua taratibu kwenye vikombe vyetu. Wiki nzima tulikuwa tunapima vumbi la barabarani lililolowekwa kwenye divai. Kwa hiyo nyie mnaoanza kazi hii, somo la kwanza: kabla hujaibishia mashine, funga dirisha.

Jina langu Simbeye. Niliingia maabara ile nikiwa mfagiaji, nikastaafu nikiwa msaidizi wa maabara mwenye koti jeupe na kalamu mbili mfukoni. Hapo katikati nilisoma masomo ya jioni, nikafanya mtihani wa kidato cha nne mwaka mmoja na binti yangu. Alinizidi hisabati, na mpaka leo analitaja jambo hilo mbele ya wakwe. Ila kemia niliishika. Mwalimu wetu wa jioni alikuwa anafundisha elementi huku anauza chapati, ndiyo maana hata sasa nikisikia mtu anataja strontiamu, tumbo linanguruma.

Sasa kwa wale ambao hamjaiona kazi yenyewe, niwaeleze kwa lugha ya nyumbani. Mzabibu unakunywa maji ya ardhini, na kwenye yale maji kuna chembe ndogo mno za ule udongo: strontiamu, rubidiamu, manganizi, bariamu na ndugu zao. Chembe hizo zinapanda kwenye zabibu, zinaingia kwenye divai, zinakaa humo kimya. Sisi tunaichukua divai, tunaichoma kwenye moto wa ajabu ndani ya mashine, moto ambao ukiuweka kwenye jiko la mama ntilie, ubwabwa unaiva kabla hajanunua mchele. Ndani ya moto ule kila elementi inatoa mwanga wake, na mashine inasoma ipi ipo kwa wingi na ipi ni kidogo. Halafu tunalinganisha na udongo wa mahali ambapo mwenye divai anadai zabibu zilikua. Vikienda pamoja, anasema kweli. Visipokwenda pamoja, basi ana maelezo ya kutoa.

Kazi ni hiyo tu, lakini ina mitego. Usichote udongo kwa kijiko cha chuma, tumia cha plastiki. Vua pete. Usioshe chupa za sampuli kwa steelwaya. Tulikuwa na kijana mmoja msafi kupita kiasi, alisugua vyombo vyetu vikang'aa kama sufuria za harusi, na kwa siku kadhaa kila divai ilionekana imetoka kwenye mgodi wa chuma. Na usionje sampuli. Nasema hivi kwa sababu kila anayeanza kazi ananiuliza. Ukionja, mate yako yanaingia kwenye majibu, na mate yako hayana cheti cha asili.

Ila mtego mkubwa kuliko yote haumo kwenye kitabu chochote, na mimi niliujua kwa sababu ya divai ya Tusekile.

Tusekile alikuwa mwanamke wa Mbebe, kule juu Ileje, aliyeolewa Ruanda. Ruanda ya Mbozi, msije mkanipeleka Kigali. Kabla ya kuolewa alifanya kazi kwenye mashamba ya zabibu Dodoma, na alipokuja kwa mumewe alikuja na vipande vya mizabibu vimefungwa kwenye gunia bichi, kama mwingine anavyokuja na vyombo. Watu wa Ruanda walimcheka. Ruanda ni kahawa na mahindi. Ukisema unapanda zabibu Ruanda ni sawa na kusema unafuga nyangumi Chitete. Lakini mizabibu ilishika, akavuna, akakamua, na mwaka huo ninaousema alipata divai ya kujaza madumu ya kutosha pick-up, mavuno yake yote. Hoteli moja ya Tunduma ikakubali kuinunua.

Akakamatwa kwenye geti la ukaguzi, pale unapoingia mjini.

Aliyemkamata ni Ofisa Kibona wa mpakani, mtu mwenye mwili mkubwa na sauti ya kukemea hata anapokusalimia. Siwezi kumlaumu. Tunduma ni mji ambao sukari, sabuni, vitenge na hata kuku vinavuka mpaka kwa njia za panya. Akaona madumu ya divai, hayana stempu, hayana karatasi.

"Hii umeitoa wapi, mama?"

"Shambani kwangu. Ruanda."

Kibona alicheka mpaka madereva wa malori wakashuka kuja kuona kinachochekesha.

"Ruanda kuna zabibu? Basi na Vwawa kuna bahari. Hii ni ya ng'ambo, imepita porini. Iingie ghalani. Ikithibitika ni ya magendo inamwagwa, na wewe tunakufungulia kesi."

Hapo ndipo madumu yalipofungiwa kwenye ghala la mabati. Mnalijua jua la Tunduma likipiga kwenye mabati? Divai changa ikikaa kwenye joto lile inageuka siki. Tusekile alijua hilo kuliko sisi. Mumewe, dereva wa malori, alikuwa njiani Kongo na simu haipatikani. Kwa hiyo mama wa watu alikaa kwenye kivuli cha ghala, kila asubuhi ananusa upenyo wa mlango, anasema, "Bado." Kesho yake ananusa, "Bado kidogo." Hata walinzi wakaanza kunusa naye.

Jalada likaletwa kwetu. Daktari Halima akaniambia, "Mzee Simbeye, tunakwenda Ruanda kuchukua udongo na maji."

Tukaenda. Tusekile alibaki kulinda mali yake, kwa hiyo tulipokelewa na mama mkwe wake, Bibi Nzunda, mama mfupi, mnyoofu, aliyejifunga kitenge kipya mara tu aliposikia gari. Nataka mjue jambo moja kuhusu nyumba za kule Mbozi: mgeni hapelekwi shambani na njaa. Shamba lina tope, lina upupu, lina mambo ya watu. Mgeni anakaa kwenye kochi lenye kitambaa cha kufuma, anakula.

"Shikamoo bibi," Daktari Halima akasema. "Tunaomba utupeleke kwenye mizabibu, tuchukue udongo."

"Marahaba mwanangu. Udongo utakuja."

"Hapana bibi, sisi wenyewe ndiyo..."

"Utakuja, nimesema. Kaeni."

Vijana, hebu nyie mnielekeze mngefanyaje. Mbele yako kuna jogoo mzima, wali umepangwa kama mlima Ng'amba, na bibi wa watu amesimama anakutazama mkono unakwenda wapi. Daktari Halima, mwanamke mwenye shahada tatu, alijaribu kusimama mara moja, akawekewa paja. Akajaribu tena, akawekewa mchuzi. Mara ya mwisho alisema, "Bibi, kanuni zinasema," na bibi akamwambia, "Kanuni nazo zikae zile, nyama zimo nyingi mle sufuriani."

Udongo ukaja. Ulikuja umebebwa na shemeji yake Tusekile kwenye kapu jipya, umefunikwa kwa kitambaa cheupe, mweusi, laini, unanukia mvua. Maji nayo yakaja kwenye chupa yetu, safi mno. Tukaandika lebo, tukashukuru, tukarudi Tunduma tumeshiba kiasi kwamba gari lilikuwa linakataa kupanda vilima.

Majibu yalipotoka, Daktari Halima aliyasoma, akavua miwani, akaisafisha, akasoma tena.

"Mzee Simbeye."

"Naam, Daktari."

"Divai hii haijawahi kukutana na udongo huu."

"Hata kwa bahati mbaya?"

"Hata kusalimiana. Na haya maji si ya kisima. Haya yametengenezwa kiwandani."

Ofisa Kibona alipopata habari alipiga meza kwa furaha. "Nilisema mimi! Mwanamke ana divai ya nchi moja, udongo wa nchi nyingine, na maji ya kiwandani! Huyu si mkulima, huyu ni umoja wa mataifa!"

Kwa utaratibu wetu, kabla ripoti haijasainiwa, mwenye mali anaelezwa ana kwa ana na anaruhusiwa kuomba sampuli nyingine. Tulimweleza Tusekile palepale ghalani. Hakupiga kelele. Alikaa chini akasema, "Daktari, mimi zile zabibu nimezimwagilia kwa ndoo kichwani. Zingekuwa za ng'ambo si ningepumzika?" Halafu akanusa mlango. "Imeanza," akasema. "Imeanza kuchacha."

Tukampakia kwenye gari, tukarudi Ruanda kwa mbio ambazo dereva wetu, baada ya hapo, alikuwa anazisimulia kama vita.

Bibi Nzunda alitupokea vilevile, kitenge, kochi, sufuria inaanza kupiga kelele jikoni. Safari hii Daktari Halima alikataa kukaa. Akasimama mlangoni akitafuta namna ya kumwambia mama wa watu kwamba mkwewe anaonekana mwongo. Bibi akamwahi.

"Haya, na ule udongo wetu mliuonaje?"

"Udongo ni mzuri sana, bibi. Tatizo ni..."

Bibi akageukia jikoni, akapaza sauti. "Mnasikia huko? Serikali imeusifu! Nilisema ule wa kichuguu hauna mpinzani!"

Mimi nikaisahau hata sufuria.

"Wa wapi, bibi?" Daktari Halima akauliza, taratibu kabisa.

"Wa kichuguu cha nyuma ya zizi. Ndio udongo bora hapa kwetu, hata majirani wanauomba wa kuoteshea mboga. Nilimtuma shemeji yenu auchekeche."

"Aliuchekecha?"

"Mara mbili. Tuwape wageni udongo wenye mawe?"

Tusekile akashika kichwa. "Mama! Na maji uliwapa yapi?"

"Nilinunua dukani, ya chupa, ya baridi. Yale ya kijito wanakunywa ng'ombe, ningewapa watu wa maabara?"

Mimi nilitoka nje nikashika ukuta. Wanangu, nimefanya kazi na walaghai wa kila aina. Nimeona divai iliyotiwa rangi ya kahawa, nimeona lebo iliyobandikwa kwa ugali. Hakuna aliyewahi kuishinda maabara yetu kama bibi yule, naye alitushinda kwa ukarimu. Hakudanganya. Aliombwa udongo, akatoa ulio bora, kama alivyopata wageni akachinja jogoo na si yule tetea anayechechemea.

"Bibi," Daktari Halima akasema, "sasa tupeleke kwenye mizabibu yenyewe."

Hapo bibi akabadilika sura. "Kule hakuna njia."

"Mama, mimi napita kila siku," Tusekile akasema.

"Wewe umezoea. Daktari ana viatu vizuri."

Daktari Halima akavua viatu vyake vizuri, akavishika mkononi, akatoka.

Ndipo tukaona. Mteremko nyuma ya kahawa za familia, nyuma ya mahindi ya mashemeji, pale ambapo shamba linaishia na ubishi unaanza. Changarawe, mawe, udongo mwembamba mwekundu uliopauka kama shati la kondakta. Na juu yake mizabibu, imepogolewa, imesimama kwa mistari. Kumbe Tusekile alipoolewa na ardhi ikagawiwa, watoto wa kiume walipewa miteremko ya kahawa, na mkwe aliyetoka Ileje na gunia lake la vijiti akaoneshwa pale. Mwenye kugawa alikuwa Bibi Nzunda.

Bibi alisimama mbali, hatazami mizabibu, anatazama mlima wa ng'ambo.

"Sasa mmeona," akasema. "Msiandike kwamba ndio udongo wa kwetu."

"Bibi, mzabibu unapenda hivi hivi," Daktari Halima akamwambia. "Kwenye kile kichuguu chako ungetoa majani tu."

"Hata hivyo. Msiandike."

Tukachimba kwa sepeto letu la plastiki, chini kidogo, pale mizizi inapokaa, maana vumbi la juu ni la kila mtu. Tukachota sehemu mbalimbali za shamba, tukajaza mifuko. Tukachota maji ya kijito, ng'ombe wanatutazama. Hakuna aliyechekecha kitu. Na safari hii, nawaapia, tulikula baada ya kazi.

Mashine haikusita. Mawe yale na divai ile yalifanana kama baba na mtoto waliokataliana mahakamani. Strontiamu ikakaa mahali pake, rubidiamu mahali pake, manganizi nayo. Nikafurahi mpaka njaa ikanishika.

Tukampelekea Ofisa Kibona. Akasoma ripoti huku amesimama mlangoni mwa ghala, madereva wamemzunguka, Tusekile pembeni.

"Hapana," akasema. "Ngojeni kwanza. Juzi mliniletea udongo mkasema ni wa shamba lake. Leo mnaniletea mwingine, eti huu ndio wa shamba lake. Kesho si mtaniletea wa tatu? Nitajuaje kwamba huu hamkuuokota popote unapofanana na divai?"

Hasira zilinipanda, lakini swali lilikuwa la haki. Daktari Halima mwenyewe akatikisa kichwa kukubali.

"Mwenye ardhi aje," Kibona akasema. "Asimame hapa mbele ya watu, aseme ule udongo mweusi ulitoka wapi, huu mbovu ni wa nani, na kwa nini vilibadilishwa. Leo. Jioni nafunga jalada, na visivyo na mwenyewe vinamwagwa."

Bibi Nzunda aliletwa na bodaboda. Alikuja na nguo ya kanisani, kilemba kimesimama, kitenge begani, mkoba kwapani. Alishuka akasalimia foleni nzima ya malori, akaitikiwa mpaka na dereva mmoja wa Zambia aliyeinama akasema kwa heshima ya kwao, "Mukwai, mama."

Kibona akafungua mifuko miwili, mweusi huku, wenye mawe huku.

"Bibi, shamba lako ni lipi kati ya haya?"

"Shamba letu ni zuri lote, baba."

"Sikuuliza uzuri. Zabibu za huyu ziko kwenye upi?"

Bibi akautazama ule mweusi. Akautazama kwa mapenzi, nawaambia, kama mtu anayetaka kuuchagua. Kutoka kwenye upenyo wa mlango harufu ya siki ilikuwa inatoka, nyembamba, lakini inatoka, na Tusekile alikuwa ameufunika upenyo ule kwa kiganja, kana kwamba anaweza kuizuia.

"Mama," Tusekile akasema kwa sauti ndogo, "basi. Kama ni aibu, acha. Nitapanda tena."

Bibi akamgeukia. Halafu akaingiza mkono kwenye mfuko wenye mawe, akatoa konzi moja, akainyanyua juu ili hata walio kwenye malori waone.

"Andika," akamwambia Kibona. "Huu ndio wake. Ule mweusi ni wa kichuguu, niliwapa wageni kwa sababu huu niliuonea haya. Wanangu wa kuzaa niliwapa kwenye kahawa. Huyu nilimpa kwenye mawe, nikasema kama atarudi kwao na arudi mapema. Hakurudi. Umeandika?"

Kibona alikuwa ameshika kalamu tu.

"Umeandika au nirudie kwa sauti zaidi?"

"Nimeandika, bibi."

"Fungua mlango."

Kibona akafungua. Joto likatoka, na harufu nyingine nyuma ya ile ya siki, ya zabibu, tamu. Madumu ya mlangoni yalikuwa yamekwisha kuchacha, lakini ya ndani, ya kivulini, yalikuwa mazima. Kabla yeyote hajasogea, Bibi Nzunda alimkabidhi Daktari Halima mkoba wake, akakunja kitenge kikawa kata, akaiweka juu ya kilemba cha kanisani. Akawaamuru madereva wawili wamtwishe dumu. Wakasita. Akawatazama. Wakamtwisha.

Akatoka nalo uani kuelekea kwenye pick-up, mfupi, mnyoofu, mkono mmoja kiunoni, na Tusekile anamkimbilia nyuma huku anataka kulipokea.

"Mama, shusha! Mama mkwe hambebei mkwe mzigo! Watu wanaangalia!"

"Waangalie," bibi akasema, na hakupunguza mwendo.